Kiti cha akiba: Lupita Nyong'o, cheti cha Yale na watu waliomwona akifanya kazi

Mwigizaji wa akiba hapigiwi makofi. Anahudhuria mazoezi yote, anaandika pembezoni mwa mswada nani anasimama wapi na anageukia upande gani, anakariri mistari ya mtu mwingine mpaka anaiota, halafu onyesho likianza anakaa nyuma ya pazia kusubiri kama mwenzake ataamka na homa. Mwenzake asipoumwa, msimu unaweza kwisha yeye hajakanyaga jukwaa hata siku moja.

Mwishoni mwa 2009, kwenye ukumbi wa Yale Repertory Theatre katika mji wa New Haven, Marekani, kazi hiyo alikuwa nayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kutoka Kenya. Tamthilia iliitwa Eclipsed, kazi ya Danai Gurira, mzaliwa wa Marekani aliyekulia Zimbabwe. Aliyeiongoza ni Liesl Tommy, mzaliwa wa Cape Town. Mwanafunzi alikuwa Lupita Nyong'o. Miaka sita baadaye tamthilia hiyohiyo ilipanda jukwaani New York chini ya mwongozaji yuleyule, na yule wa akiba sasa ndiye watu waliyekuja kumtazama.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu kwenye vijiwe vya waigizaji wetu, Nairobi na Dar es Salaam, hutumiwa na pande mbili zinazogombana. Wapo wanaosema shahada ya sanaa ni karatasi ya kufungia maandazi, kipaji ndicho kinachomlisha mtu. Wapo wanaosema kipaji na shahada vyote ni mapambo, mjini ni kujuana: huna kimemo, huna mjomba, utaishia kuwa mpita njia kwenye michezo ya wenzako. Wa kwanza wakimtaja Lupita wanasema "angalia kipaji". Wa pili wanauliza baba yake ni nani. Na kuna kundi la tatu, la wazazi hasa, linalosema "unaona, alisoma Yale". Kila mmoja anamkata kipande kinachomfaa na kuacha kingine mezani. Ukiziweka tarehe kwa mpangilio, picha inayotoka haiwafurahishi wote watatu.

Tuanzie Nairobi. Kwenye jengo la Professional Centre, Parliament Road, kulikuwa na ukumbi mdogo wa kundi la Phoenix Players, lililoanzishwa na James Falkland miaka ya 1980. Kundi hilo lilikuwa na utaratibu wa kikundi cha kudumu: mchezo mmoja ukimalizika, mwingine uko kwenye mazoezi, wiki baada ya wiki. Hapo ndipo Lupita, akiwa na miaka 14, alipoigiza Juliet katika Romeo and Juliet, akaendelea na michezo mingine kadhaa. Cheti hakuwa nacho chochote. Alichopata ni kuzoea kuwa ndani ya jengo ambamo uigizaji ni kazi ya kila siku, wenye umri mkubwa wanachelewa mazoezini na kukaripiwa kama wadogo, na mtu hupewa nafasi kwa sababu mwongozaji alimwona kwenye mchezo uliopita. Hilo la mwisho nitalirudia, kwa sababu ndilo lililobeba kila kitu kilichofuata.

Baada ya kumaliza shule ya St. Mary's, Nairobi, mwaka 2001, alikwenda Marekani, chuo cha Hampshire katika jimbo la Massachusetts, akasoma filamu na sanaa za maonyesho. Chuo hicho hakitoi alama. Hakuna A wala C. Mwalimu anakuandikia maelezo ya kazi uliyofanya. Napenda sana kuwasimulia habari hii wale wanaodhani waajiri wa sanaa huko nje huanza kwa kuuliza wastani wa alama.

Akiwa bado kijana wa chuo ndipo filamu ya The Constant Gardener ilipokuja kupigwa Kenya. Lupita aliingia kwenye kikosi cha utayarishaji, ngazi za chini. Aliyewahi kufanya kazi hiyo anaijua: unaamka kabla ya wote, unasambaza ratiba, unakwenda kuwaita waigizaji waliko, unazuia watu wasipite kamera ikiwa inazunguka, unaleta chai na kuambiwa imepoa. Mbele ya kamera walikuwepo Ralph Fiennes na Rachel Weisz, na mkongwe wa jukwaa la Nairobi, John Sibi-Okumu. Lupita mwenyewe amesimulia mara nyingi kwamba alimwambia Fiennes kuwa naye anataka kuigiza. Fiennes akashusha pumzi, akamwambia afanye hivyo ikiwa tu anaona hawezi kuishi bila kuigiza.

Hapa wapenzi wa neno "kujuana" hupenda kusimama na kusema mlango ulifunguka hapo. Haukufunguka. Hakutoka pale na mkataba. Alitoka na sentensi moja, tena ya kukatisha tamaa. Kukutana na mtu mkubwa kwenye korido, kupiga naye picha na kupata namba yake ni jambo moja, na kuwa mtu ambaye yeye anamkumbuka kwa kazi ni jambo jingine kabisa. Wengi wetu tunachanganya hayo mawili, tunatumia nauli na pesa ya nguo mpya kuhudhuria uzinduzi wa filamu ambako hatukualikwa, tunarudi nyumbani na picha kumi na tano kwenye simu.

Linganisha na hili. Miaka hiyohiyo alifanya kazi ya utayarishaji pia kwenye The Namesake, filamu ya Mira Nair iliyotoka 2006. Miaka kumi baadaye Mira Nair, ambaye ana makazi Kampala, alitoa Queen of Katwe, na nafasi ya mama yake Phiona, yule binti mcheza sataranji wa Uganda, ikachezwa na Lupita. Wakati huo Lupita alikuwa tayari na Oscar, kwa hiyo yeyote angemtaka. Lakini wawili hao hawakuwa wageni. Mmoja alishamwona mwenzake akibeba mizigo.

Alirudi Kenya baada ya chuo. Akaigiza kwenye Shuga, tamthilia ya televisheni ya MTV, mwaka 2009, na mwaka huohuo akatoa filamu yake ya maelezo, In My Genes, kuhusu watu wenye ualbino nchini Kenya. Mtu angeweza kusema sasa inatosha: shahada ya kwanza unayo, uso wako uko kwenye televisheni, umeongoza filamu yako mwenyewe. Badala yake akaomba nafasi Yale, akaanza shahada ya uzamili ya miaka mitatu ya uigizaji, akiwa na umri wa miaka 26.

Kwa nini? Maelezo ya kawaida ni kwamba alitaka jina la Yale. Jina lina uzito wake, sibishi. Meryl Streep alisoma pale, Angela Bassett alisoma pale. Ila mkurugenzi wa kuteua waigizaji hamuulizi mtu cheti. Anamwambia: soma ukurasa wa 14, anza pale anapoingia mama. Ukiusoma vibaya, Yale haitakusaidia. Nguvu ya shule hiyo haiko kwenye karatasi, na kuielewa inabidi uangalie jinsi nyumba yenyewe ilivyojengwa.

Yale ina shule ya maigizo na ina ukumbi wa waigizaji wa kulipwa, na viwili hivyo ni nyumba moja. Mkuu wa shule ndiye pia mkurugenzi wa kisanaa wa ukumbi. Msimu wa ukumbi unapopangwa, wanakuja waandishi, waongozaji na waigizaji wa kulipwa kutoka New York na kwingineko, na wanafunzi wanaingizwa humo: wa taa anashika taa, wa mavazi anashona, wa usimamizi wa jukwaa anashika kitabu, wa uigizaji anapewa nafasi ndogo au kiti cha akiba. Kundi la waigizaji la kila mwaka ni watu kumi na kadhaa tu. Kwa hiyo mwandishi akikaa pale wiki kadhaa za mazoezi, hana njia ya kutokukuona. Anaona unakuja saa ngapi. Anaona unafanyaje mwongozaji anapobadilisha tukio zima usiku wa kuamkia ufunguzi. Anaona kama unawanunia watu.

Ndipo Lupita alipokutana na Eclipsed. Ni hadithi ya wanawake watano Liberia mwaka 2003, vita vikielekea ukingoni. Wanne kati yao wamewahi kuwa wake wa kamanda mmoja wa waasi, na wanaitana kwa namba: namba moja, namba tatu. Wanaume hawaonekani jukwaani kabisa. Kwa mwigizaji kijana Mwafrika aliyefika juzi tu katika shule ambako vitabu vikuu ni vya Chekhov na Shakespeare, kukuta mchezo wa namna ile ukifanyiwa mazoezi jengoni mwake, umeandikwa na mwanamke aliyekulia Zimbabwe, ni bahati ambayo huwezi kuiombea kwenye fomu ya maombi. Na shule ikamweka ndani ya chumba hicho, kwenye kiti cha nyuma.

Lipo jambo la kiutaratibu ambalo wasomaji wetu wengi hawalijui, na lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Jukwaa la Marekani lina chama cha waigizaji, Actors' Equity, kilichoanzishwa 1913. Kwa miongo mingi kukiingia kulikuwa kama kitendawili cha kuku na yai: ili upate kazi kwenye kumbi kubwa uwe mwanachama, na ili uwe mwanachama upate kwanza mkataba wa kazi hizo, au ukusanye wiki nyingi za kazi kwenye kumbi zinazotambuliwa. Mwaka 2021 chama kililegeza, kikaruhusu yeyote mwenye ushahidi wa kulipwa kwa kazi ya jukwaani kuomba kujiunga. Kabla ya hapo, kusoma kwenye shule iliyounganishwa na ukumbi wa kulipwa kulikuwa kunampa mtu njia ya kufika huko ambayo mwenzake wa mtaani angeisotea miaka.

Mwaka wa mwisho, masika ya 2012, Lupita aliigiza The Winter's Tale kwenye jukwaa lilelile la Yale Rep. Safari hii hakuwa wa akiba. Kisha likaja lile zoezi ambalo shule kubwa za maigizo za Marekani huwafanyia wahitimu wao wote: wanapelekwa mjini, kila mmoja anaigiza kipande cha dakika chache mbele ya mawakala, mameneja na wateuzi wa waigizaji, basi. Nauli, ukumbi na mialiko ni juu ya shule. Viti vinajaa watu ambao kazi yao ni kuajiri.

Kilichofuata kinajulikana sana, nakipitia haraka. Meneja wake aliona mswada wa 12 Years a Slave, akaona nafasi ya Patsey inamfaa. Lupita akafanya usaili, akaitwa tena, akaitwa mara ya tatu mbele ya mwongozaji Steve McQueen. Kabla ya mwaka huo kwisha alikuwa Louisiana anapiga filamu. Tarehe 2 Machi 2014 akachukua Oscar ya mwigizaji msaidizi wa kike. Angalia mgawanyo wa kazi hapo: meneja, ambaye ni matunda ya mtandao, alileta mswada. Usaili mara tatu akaufanya mwenyewe, na pale hapakuwa na mjomba.

Sehemu inayonivutia zaidi inaanza baada ya Oscar, na ndiyo inayorukwa kila mara kisa hiki kinaposimuliwa.

Mtu mwenye Oscar mpya huwa na kipindi kifupi ambacho simu zake zinapokelewa. Wengi hukitumia kutafuta filamu inayofuata yenye bajeti kubwa. Lupita naye alichukua kazi za aina hiyo, alikuwemo kwenye Star Wars ya 2015. Lakini Public Theater ya New York walipotaka kujua angependa kufanya mchezo gani kwao, alitaja Eclipsed. Kwa hiyo aliyewaleta Gurira na Tommy kwenye ukumbi ule msimu huo, kwa namna fulani, ni yule mwanafunzi waliyemwona akikariri nyuma. Mchezo ulifunguliwa kwenye Public mwishoni mwa 2015, na Machi 2016 ukahamia Broadway, yaani kumbi kubwa za maigizo za New York, kwenye ukumbi wa John Golden wenye viti takriban 800. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mchezo wa Broadway kuwa na waigizaji wote, mwandishi na mwongozaji ambao ni wanawake weusi. Ukapata uteuzi wa tuzo za Tony, tuzo kuu za Broadway, katika vipengele sita, mmoja ukiwa wa Lupita mwenyewe, na mbunifu wa mavazi Clint Ramos akashinda.

Waandishi wa habari walimsumbua na swali moja: kwa nini nyota wa filamu anajifungia kwenye mchezo mdogo? Aliandika makala mwaka huo kulijibu. Mimi nalisoma jibu lake kwa macho ya mtu wa hesabu. Kila mmoja alipata. Gurira, ambaye wakati huo umma wa Marekani ulimjua kwa televisheni kama muuaji wa mazombi mwenye upanga, akatambulika Broadway kama mwandishi. Tommy akapata uteuzi wa uongozaji. Waigizaji wanne wengine wakafika Broadway, wawili wakateuliwa. Miaka miwili baadaye Lupita na Gurira walikuwa pamoja kwenye filamu ya Black Panther. Humo alikuwemo pia Winston Duke, aliyekuwa Yale mwaka mmoja nyuma ya Lupita. Mwaka 2019 Lupita na Duke wakaigiza mume na mke kwenye filamu ya Us ya Jordan Peele.

Ukizichora njia hizi kwenye karatasi, unaona kitu ambacho hadithi za vimemo hazikitaji. Karibu zote zinakwenda ubavuni. Watu waliobadilisha kazi yake ya jukwaani hawakuwa wakubwa waliomshika mkono kutoka juu. Walikuwa rika lake au waliomzidi kidogo, wengine hawana jina bado, wanaohangaika katika jengo lilelile. Gurira wa 2009 hakuwa mtu wa kumpa mtu kazi Broadway. Mwenyewe alikuwa anaitafuta. Kijana anayekwenda kwenye semina kumfukuzia mgeni rasmi, akampita mwandishi chipukizi aliyekaa mstari wa nyuma na mswada wake wa kwanza, huenda amempita mtu aliyepaswa kumfahamu.

Mfano mwingine, nao una Nairobi ndani yake. Mwongozaji Saheem Ali alizaliwa na kukulia Nairobi, na wanafahamiana na Lupita tangu ujana wao huko. Alikwenda Marekani kusoma mambo ya kompyuta, akahamia kwenye maigizo, akachukua shahada ya uzamili ya uongozaji Chuo Kikuu cha Columbia. Aliongoza Fat Ham ya James Ijames, mchezo ulioshinda tuzo ya Pulitzer 2022 na ukafika Broadway mwaka uliofuata, kisha Buena Vista Social Club, na kwa kazi zote mbili akateuliwa Tony. Amefanya pia Goddess, mchezo wa muziki unaotokea Mombasa. Mwaka 2021, kumbi zikiwa zimefungwa kwa korona, alimwongoza Lupita kama Juliet kwenye igizo la redio la Kiingereza na Kihispania. Juliet tena, zaidi ya miaka ishirini tangu Parliament Road.

Na Agosti 2025, ukumbi wa wazi wa Delacorte ndani ya bustani ya Central Park, New York, ulipofunguliwa baada ya ukarabati, mchezo wa kwanza ulikuwa Twelfth Night, Saheem Ali akiongoza, Lupita akiwa Viola na mdogo wake, Junior Nyong'o, akiwa Sebastian, pacha aliyedhaniwa amezama. Pacha hao waliongea Kiswahili jukwaani. Tiketi za Delacorte ni bure, watu hupanga foleni tangu alfajiri, wengine wamelala hapo na mablanketi. Kiswahili chetu, mbele ya foleni hiyo. Uamuzi wa namna hiyo hautoki kwenye usaili wa dakika tano. Unahitaji watu wanaoaminiana kiasi cha kutokuhitaji kuelezana kwa nini.

Sasa upande ambao mashabiki hawapendi kuusikia.

Baba yake Lupita ni Profesa Peter Anyang' Nyong'o, msomi wa sayansi ya siasa, aliyewahi kuwa waziri na seneta, kisha gavana wa Kisumu. Lupita alizaliwa Mexico City mwaka 1983 kwa sababu baba yake alikuwa anafundisha huko. Sijaona popote kwamba kuna mtu alimpigia simu mtu wa Hollywood kwa niaba yake, na sidhani simu ya seneta wa Kisumu ingemtisha mteuzi wa waigizaji wa Los Angeles. Msaada wa nyumba ya aina hiyo ni wa kimyakimya zaidi. Ni shule yenye ukumbi wa maigizo. Ni mzazi anayejua kwamba fomu za vyuo vya Marekani zinajazwa lini na zinajazwaje. Ni kuweza kufanya kazi ya kubeba ratiba kwa posho ndogo bila nyumbani kukosa unga. Ni mtoto kusema "nataka kuigiza" na mezani pasiwe na msiba. Kiti cha akiba ni kizuri, lakini lazima uweze kumudu kukaa.

Pesa nayo. Wakati Lupita anasoma, shule ile ilikuwa inatoza ada, na wahitimu wa shule za aina hiyo walitoka na madeni ambayo kazi ya jukwaani hailipi kirahisi. Mwaka 2021 David Geffen aliipa dola milioni 150, ada ikafutwa kwa wanafunzi wote, na shule ikabadilishwa jina kuwa lake. Kijana wa Kisumu, Tanga au Bukavu anayefikiria njia hiyo leo anatazama hesabu tofauti na ile ya 2009, ingawa viti vimebaki vilevile kumi na kadhaa na wanaovitaka wameongezeka.

Na tusisahau darasa lake. Kila mwaka shule ile inatoa waigizaji wenye cheti kilekile, walimu walewale, onyesho lilelile mbele ya mawakala walewale. Wengi wao majina yao hatuyajui. Baadhi wanafundisha, wengine wanaigiza kwenye kumbi za mikoani za Marekani kwa mikataba ya wiki nane nane, wengine waliacha. Anayesema Yale ilimtengeneza Lupita lazima aeleze kwa nini haikuwatengeneza na wao vilevile. Mimi nadhani shule iliwapa wote kitu kilekile, nacho ni kuonekana na watu wa kazi kwa muda mrefu wa kutosha. Baada ya hapo ni nani aliyekuwa ukumbini siku ile, mswada gani ulikuwa mezani, na mtu alikuwa tayari kiasi gani.

Nirudi kwetu, kwa sababu swali lililonifanya niandike liko huku. Tanzania ina taasisi ya sanaa na utamaduni Bagamoyo, chuo kilichoanza 1981 na ambacho sasa watu wengi wanakiita TaSUBa. Kina jukwaa, na kina tamasha la kila mwaka. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefundisha sanaa za maonyesho tangu miaka ya 1960. Kenya ina tamasha la maigizo la shule na vyuo tangu 1959, lenye watoto wengi na ushindani mkali kuliko nchi nyingi zinavyoweza kujivunia. Kwa hiyo vyeti tunavyo, na vipaji tunavyo. Phoenix wenyewe waliondoka Parliament Road, na pamoja nao ule utaratibu wa mchezo mmoja kumalizika mwingine ukiwa mazoezini, ambao ndio uliomfanya msichana wa miaka 14 aonekane.

Ukimuuliza mhitimu wetu siku ya mahafali atataja walimu wake, wenzake wa darasa na mtu mmoja wa televisheni aliyemwahidi kumpigia. Hafahamiani na waandishi wanaoandika sasa hivi. Waongozaji hawajamwona akifanya mazoezi, wamemwona, kama wamemwona, kwenye video ya dakika moja. Hajawahi kukaa wiki sita kwenye chumba kimoja na mtu anayelipwa kufanya kazi anayotaka kuifanya.

Nimehudhuria maonyesho ya wahitimu mara kadhaa, sitataja vyuo. Vijana wanaigiza vizuri. Mwaka mmoja binti aliyecheza mama mjane alinifanya nisahau simu yangu mfukoni kwa dakika ishirini. Viti vya mbele vilikuwa na vitambaa vyeupe na chupa za maji. Walikaa maofisa, wakasoma risala, wakapokea zawadi, na mgeni rasmi akaomba radhi kwamba ana kikao kingine. Aliondoka na msafara wake kabla ya igizo la pili. Mstari wa tatu walikuwepo wazazi. Nilitazama huku na huku kutafuta mwongozaji au mtayarishaji hata mmoja ninayemfahamu, nikamwona mmoja tu, amesimama mlangoni kwa sababu hakuwa na kadi ya mwaliko.